Mchoro wa Kale Haumwagiwi Maji

Watoto wa shule wakiingia Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, hukimbilia mizinga kwanza. Baadaye husogea kwenye michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, merikebu zilizochorwa kwa makaa na udongo mwekundu, na hapo hakosi mmoja wa kunyoosha kidole ili aifuate mistari ya matanga. Namwelewa. Ila kidole kina jasho na mafuta, na ukuta hausahau.

Michoro hiyo bado michanga. Ile ya miambani huko Kondoa, Tanzania, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni ya kale mno kuliko ngome yetu ya mwaka 1593. Hapa Kenya tunayo Kakapel kule Busia na kisiwani Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria. Nawasihi wanaopeleka wageni huko: msimwage maji juu ya mchoro ili rangi ikolee kwenye picha. Hakuna tabia inayoniuma kama hii.

Mkazi wa Mombasa hahitaji maabara kuelewa sababu. Tazama nyumba ya mawe ya matumbawe pale Mji wa Kale iliyopigwa lipu ya saruji badala ya chokaa. Unyevu unanaswa ndani, unatafuta pa kutokea, na unapokauka huacha chumvi. Unaona unga mweupe, kisha lipu inavimba na kubambuka vipande vizima. Mwamba nao hivyo hivyo. Maji huyeyusha chumvi zilizomo, huzileta juu, nazo hufunika mchoro kwa utando mweupe au kuusukuma udondoke. Rangi nyekundu hung'ang'ania zaidi, kwa kuwa ni udongo wenye chuma uliojipenyeza kwenye jiwe. Nyeupe huwa ya kwanza kutoweka.

Uzio husaidia, lakini mimi siuamini peke yake. Kwenye pango la Mungomi wa Kolo, huko Kondoa, wenyeji bado hufanya matambiko, na pia wapo waliochimba mashimo wakiamini Wajerumani walificha mali humo. Vumbi la mashimo hayo hutua juu ya picha. Mahali kama hapo, mpango usiowashirikisha wazee wa kijiji tangu siku ya kwanza hauwezi kudumu. Wao ndio wanaojua nani amepanda mlimani usiku na sururu.

Ukitaka picha nzuri, nenda wakati jua liko upande, zima taa ya kamera, usiguse. Zipo programu za kompyuta zinazokoleza rangi iliyofifia bila kuugusa mwamba. Na ukikuta mtu ameandika jina lake juu ya mchoro, usilisugue, hata kwa kitambaa laini: utaondoka na jina pamoja na mchoro. Piga picha, andika mahali na tarehe, kisha utuletee habari kwenye makumbusho yaliyo karibu nawe.