Saruji siyo mota, na mota siyo zege

"Mawe ya kibaraza nimeshapanga, bado kumwaga zege kwenye maungio." Juzi nimeisikia tena Mikindani, kwa mtu anayejijengea mwenyewe na anayependa kazi yake iwe nzuri.

Saruji ni ule unga wa kwenye mfuko. Ukiuchanganya na mchanga na maji unapata mota, nayo ndiyo ya kujazia maungio. Ukiongeza kokoto, hilo sasa ni zege, la msingi na nguzo. Kokoto zitapita wapi kwenye nafasi ya sentimita moja na nusu?

Kinachoniuma zaidi ni neno saruji lenyewe. Asili yake ni Uajemi: sārūj ilikuwa chokaa iliyochanganywa na udongo na majivu, wakajengea mahodhi ya maji. Unga wa kiwandani umelirithi jina baadaye sana. Unga huo, yaani simenti ya Portland, ulipata hataza Uingereza mwaka 1824, na wakati huo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulishakuwa na karne kadhaa, umejengwa kwa matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Kwa hiyo anayesema "hata wazee walijengea saruji" neno hajalikosea. Anakosea anapofika dukani, akanunua simenti akidhani ndiyo ile saruji ya wazee.

Na kosa hilo linaonekana kwa macho. Tumbawe ni jiwe laini, linanyonya maji na kuyatoa. Ukilizungushia simenti kali, maji hayana pa kutokea ila kwenye jiwe, na chumvi inayobaki humo inalimega. Baada ya mvua za miaka michache mistari ya simenti inasimama kama mbavu, jiwe limezama katikati, ukipitisha kidole unatoka na vumbi jeupe.

Basi kaka, kwa mawe yako ya matumbawe omba mota ya chokaa: chokaa kipimo kimoja, mchanga vitatu. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni unakuja na chumvi yake. Funika kwa magunia yaliyolowa siku kadhaa, jua la kwetu lisiikaushe kabla haijashika. Kama mawe ni magumu, mota ya simenti moja kwa mchanga vinne inatosha. Ila kwa fundi usitaje zege, atakuletea kokoto.