Maji ya haidroponiki kupata joto Nairobi: dhana potofu na ukweli

"Nairobi ni baridi, maji hayawezi kupata joto."

Hewa ni baridi, sawa. Hata Februari joto la mchana kwa kawaida huishia digrii 27 au 28. Lakini katika haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo, mizizi haikai hewani. Iko ndani ya maji, na maji yako kwenye tangi jeusi juu ya saruji, katika roshani inayochomwa na jua la alasiri, au kwenye paipu zilizolazwa juu ya mabati. Beseni la lita 20 likiachwa juani linaweza kupita digrii 30 ifikapo saa tisa, ilhali kivulini ni 26. Kwa hiyo pima maji saa tisa au saa kumi, si asubuhi, na upime pale yanaporudi kutoka kwenye paipu. Letasi, spinachi na dania hupenda digrii 18 hadi 22. Kuanzia 25 mizizi iko hatarini.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo mingi hailitaji: mwinuko. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Maji ya digrii 25 Nairobi hushika takriban miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Yale ya Mombasa yakiwa na digrii 30 hushika kama 7.6. Yaani maji yetu ya "wastani" yana oksijeni kidogo kuliko maji ya pwani yaliyopata joto.

"Tumbukiza chupa ya barafu, basi."

Piga hesabu. Chupa ya nusu lita iliyoganda, ndani ya tangi la lita 60, haishushi hata digrii moja. Kushusha digrii tano kunahitaji kama kilo tatu za barafu, na kesho tena, na kesho kutwa. Barafu hufaa ndoo ya lita 10 siku moja ya dharura.

Gunia la katani lililoloweshwa lina nguvu zaidi. Lita moja ya maji ikikauka hubeba joto mara sita hivi kuliko kilo moja ya barafu, ingawa sehemu ya joto hilo hutoka hewani, si kwenye tangi. Ni kazi ile ile ya mtungi wa udongo. Zungushia tangi gunia, ncha yake ining'inie ndani ya beseni la maji matupu, mahali penye upepo na kivuli. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, hufanya kazi vizuri. Aprili mvua ikinyesha usitarajie mengi. Na usifunge polistirini (foma nyeupe nyepesi ya kuzuia joto) kisha ukazungushia gunia juu yake. Hapo unapoza polistirini.

"Pampu ikizunguka muda wote, maji hupoa."

Mchana ni kinyume. Pampu ya wati 25 iliyozama humwaga karibu umeme wake wote majini kama joto; kwa siku nzima ingetosha kupandisha lita 60 kwa digrii nane kama joto hilo lisingepotea. Tena kila mzunguko hupitisha maji kwenye paipu zilizochomwa na jua.

Usiku mambo hugeuka. Hewa ikishuka hadi digrii 14 au 15, paipu hizo hizo hutoa nje joto jingi kuliko lile la pampu. Hapa ndipo Nairobi inakupa baridi ya bure, kazi yako ni kuiweka akiba. Pata taima ya kuchomeka kwenye soketi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi pampu iende mfululizo. Hiyo ni uniti 0.2 tu ya tokeni. Mchana iende dakika 15, ipumzike 15. Tangi livalishwe polistirini ya sentimita tatu pande zote, chini na kwenye kifuniko pia, ili baridi ya alfajiri ifike alasiri. Paipu zipake rangi nyeupe na ziinue kutoka kwenye mabati. Mashine ya kupozea ya bei ghali haihitajiki kwa lita 60.

"Nina pampu ya hewa, joto si neno."

Mapovu hujaza oksijeni hadi kiwango ambacho maji yanaweza kushika, hayazidi hapo. Joto hushusha kiwango hicho, na papo hapo mizizi huhitaji oksijeni zaidi. Pithiamu, kimelea kinachoozesha mizizi, nacho hunawiri. Pampu ya hewa yenyewe iwe kivulini, juu ya usawa wa maji. Ikiwa chini, stima ikipotea maji hurudi kwa mpira na kuiua.

Mizizi ya kahawia peke yake si ushahidi wa kuoza, kwani madini ya chuma ya mbolea huipaka rangi. Iguse: ikiteleza, ikinuka na ngozi ikibambuka, imeoza.

"Mtungi mweupe hautapata joto."

Hunyonya joto kidogo, lakini hupitisha mwanga, na ndani ya wiki mwani umejaa. Paka rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake.

"Yakipata joto, ongeza maji mapya."

Yatoke wapi? Tangi la juu ya nyumba saa nane mchana mara nyingi lina maji moto kuliko lako. Jaza alfajiri.

"Majani yamelegea, ongeza mbolea."

Wakati wa joto mmea hunywa maji mengi kuliko virutubisho, kwa hiyo yaliyobaki huwa makali. Letasi iliyoanzia EC (kipimo cha ukali wa mbolea majini) ya 1.0 ikifika 1.5, ongeza maji matupu yaliyopoa. Kama tangi limejaa na majani bado yamelala saa nane, tazama kipimajoto kabla ya mfuko wa mbolea.

"Kadiri yanavyokuwa baridi ndivyo bora."

Chini ya digrii 16 ukuaji hudorora, na majani huweza kugeuka zambarau kwa kukosa fosforasi hata kama imo majini. Kuanzia Juni hadi Agosti ondoa gunia na ubadilishe taima: usiku dakika 15 kila saa.