Kisu cha kukunja: msiamini loki kuliko vidole vyenu

Kuna maneno yanazunguka kuhusu visu vya kukunja mpaka watu wameyachukua kama ukweli, mengine hayana madhara ila mengine yanakata watu vidole kabisa.

Baya kuliko yote ni hili la kwamba kisu kikishakuwa na loki basi hakina tofauti na kisu cha kawaida kisichokunjwa. Si kweli jamani. Bapa lote linazungukia kwenye pini moja tu, na kinacholizuia lisikufungie vidole mara nyingi ni kakipande kembamba cha chuma. Chukulia laina loki, ile ukifungua kisu unaona ubati wa ndani ya mpini unasogea unakaa nyuma ya bapa, Mmarekani mmoja fundi wa visu anaitwa Michael Walker ndo aliiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980 na leo iko kila mahali, ni nzuri sana maana unafungua na kufunga kwa mkono mmoja, lakini uchafu ukijaa pale ubati unapokutana na bapa, au ukigongesha mgongo wa kisu kwenye kitu kigumu, inaweza kuachia ghafla. Loki ni ya ajali tu. Wewe kamata kisu kama vile haipo.

Halafu kuna walioegemea upande wa pili, eti kisu kisicho na loki ni mdoli. Opinel, watengeneza visu wa Ufaransa, walianza 1890 na ile pete ya kuzuia bapa ikaja 1955, yaani miaka 65 watu walikuwa wanakata mambo yao bila loki na maisha yanaenda. Visu vidogo vya Victorinox navyo hadi leo vinashikwa na springi ya mgongoni tu. Ukiwa unakata kamba au unafungua boksi, nguvu inasukuma bapa kwenye upande wa kufunguka, sasa litajikunjaje? Shida inakuja ukichoma kwa ncha, au bapa likinasa kwenye mti ukaanza kulipindapinda kulitoa, hapo ndo linarudi kwenye vidole.

"Ni stenlesi hicho, hakishiki kutu." Kinashika, ila kinachelewa. Ili chuma kiitwe stenlesi kinatakiwa kiwe na kromiamu kama asilimia 10.5 kwenda juu, hiyo ndo inaweka utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu, lakini chuma cha visu kina kaboni nyingi ili kiwe kigumu na hiyo kaboni inajishikia sehemu ya kromiamu, kwa hiyo kijiko chako kinaweza kuvumilia maji kuliko kisu chako cha bei mbaya. Jasho la mfukoni, chumvi, ndimu, vyote vinakula taratibu, na kutu hupenda kuanzia kwenye pini ambako huoni. Osha, kausha, tone moja la oili pale kwenye pini. Moja. Ukimwaga mengi yanakusanya vumbi.

Na wale wa "chuma kigumu zaidi ndo bora"... inategemea bwana. Kigumu kinashika makali muda mrefu ila kinameguka kirahisi na kukinoa ni kazi, na kilaini kidogo kinaisha makali mapema lakini dakika chache kwenye noleo kimerudi. Kwa mtu asiyependa kunoa nadhani hicho cha pili kinamfaa zaidi, maana kigumu kikishakuwa butu atakiacha hivohivo, na kisu butu unakikandamiza kwa nguvu mpaka kinateleza, sijui nani alisema butu ndo salama. Chochote utakachochukua, ncha yake si bisibisi.

Lile tundu la duara kwenye bapa si urembo, ni la kufungulia kisu kwa kidole gumba, kampuni ya visu ya Marekani inaitwa Spyderco ndo walilileta 1981 pamoja na klipu ya kuning'iniza kisu mfukoni.

La mwisho, eti kikiwa kidogo unaruhusiwa kutembea nacho popote. Uingereza kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unatembea nacho bila kuulizwa sababu, ila kiwe hakina loki, chenye loki lazima uwe na sababu ya msingi hata kama ni kadogo, kwa hiyo ile loki uliyolipia zaidi ndo inakutia matatani. Nchi nyingine zina mambo yao, angalia kabla hujasafiri. Na kama unapanda ndege kiweke kwenye begi unalokabidhi kaunta, ukijisahau nacho mfukoni mpaka kwenye ukaguzi hesabu umekiacha hapo.