Meno ya plastiki si ugonjwa

Mtoto mchanga akiharisha au akishikwa na homa, wapo wanaosema ana meno ya plastiki, ang'olewe. Si kweli. Uvimbe mweupe kwenye fizi ni chonge changa ambazo hazijaota. Kuzichimbua, tena kwa kifaa kichafu, huleta kutokwa damu, maambukizi, hata kifo. Na chonge za ukubwani huweza kuharibika.

Kosa jingine ni kudhani kinywa ni kazi ya daktari wa meno peke yake. Mama wa Rungwe au Mbarali, wilaya za mkoa wa Mbeya, huanzia zahanati, kwa tabibu. Ndiyo maana wanafunzi wa utabibu na udaktari walioko Mbeya wafundishwe kukagua fizi, kumweleza mama bila kumkaripia, kisha kutibu kuhara kwenyewe kwa ORS (maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini) na zinki.