"Mzigo" wa kikundi si lazima awe mvivu

Katika vyuo vya Nairobi, kazi ya kikundi haikosi mtu anayeitwa mzigo: jina lake lipo mbele ya ripoti, mchango wake hauonekani. Imani iliyozoeleka ni kwamba huyo ni mvivu wa kuzaliwa. Utafiti unaelekeza kwingine.

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo Mfaransa, alipima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913. Wavutaji walipoongezeka, wastani wa nguvu ya kila mmoja ulipungua. Sehemu ya hasara ilitokana na kutovuta kwa pamoja tu. Uvivu haukuhusika hapo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake, Marekani, waliwapa wanafunzi kazi ya kupiga makofi na kelele. Waliodhani wako wengi walijibidiisha kidogo, hao hao waliojituma wakiwa peke yao. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba mchango wa kila mtu ukitambulika, uzembe huo hupungua sana.

Basi wanafunzi wanane wakipewa ripoti moja (wanne wangetosha, kwa maoni yangu), wagawane sehemu kwa majina siku ya kwanza. Anayenyamaza kikaoni asihukumiwe haraka. Huenda ndiye anayehakiki hesabu za wote.