Mlowezi ni nani, na nauli yake ililipwa na nani?

Kulowea ni kufika mahali ukiwa mgeni, ukakaa, ukakaa, mpaka pakawa kwako. Humo ndimo limetoka neno mlowezi, ambalo Afrika Mashariki limebaki na maana moja hasa: Mzungu aliyechukua ardhi na kuhamia jumla. Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni wilayani, hakuwa mlowezi; alihudumu miaka yake, kisha akaenda kula pensheni kwao. Mlowezi alikuja na mke, majembe na nia ya kuzikwa huku.

Ukiuliza kwa nini watu walihama Uingereza kwenda makoloni, utajibiwa dini, umaskini na ardhi. Ni kweli yote. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, wapatao 20,000 walivuka kwenda New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, katika miaka ya 1630 wakikimbia shinikizo la kanisa la serikali. Huko nyanda za juu za Scotland, wenye ardhi walifukuza wapangaji ili wafuge kondoo. Lakini majibu hayo hayaelezi kwa nini huyu aliishia Virginia, koloni la Amerika, na jirani yake Australia, wala kwa nini mafukara kabisa mara nyingi ndio waliobaki. Hapo lazima uulize habari ya nauli.

Katika karne ya 17, kuvuka Atlantiki kuligharimu pauni 5 au 6 hivi, fedha ambazo kijana wa vibarua vya shambani hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mikono, basi akaiweka rehani. Mkataba wake uliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja, kisha karatasi ikakatwa katikati kwa mstari wa meno meno kama ya msumeno. Kila upande ulishika kipande chake. Ukizuka ubishi, vipande viliunganishwa, na meno yasipoingiana ilijulikana kimoja ni cha kughushi. Muda wa kawaida wa kutumika ulikuwa miaka 4 hadi 7, bila mshahara, kwa chakula, nguo na malazi. Meli ikitia nanga, nahodha aliuza mkataba huo kwa mwenye shamba la tumbaku.

Mnunuzi naye alikuwa na hesabu zake. Tangu 1618 Virginia ilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyeletwa, na ekari hizo hazikwenda kwa aliyeletwa, zilikwenda kwa aliyemlipia nauli. Kwa malipo yale yale, tajiri alipata kibarua na shamba. Kibarua akimaliza muda wake alipewa mahindi, nguo, pengine na jembe au shoka.

Tatizo lilikuwa kuumaliza. Mabondeni mwa Chesapeake, ghuba ya huko Virginia, malaria na kuhara viliua wageni wengi katika kiangazi chao cha kwanza. Aliyetoroka akakamatwa aliongezewa muda, na mtumishi wa kike aliyejifungua aliongezewa pia. Mwishoni mwa karne hiyo vijana wa kujiweka rehani walipopungua, matajiri wa tumbaku waligeukia zaidi Waafrika waliotekwa, ambao hawakuwa na mkataba wala tarehe ya kuachiwa.

Kuna ambao nauli yao ilitolewa na hakimu, tuseme hivyo. Sheria ya mwaka 1718 ilirahisisha kupeleka wafungwa Amerika. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoifunga njia hiyo, zamu ikawa ya Australia, iliyopokea wafungwa wapatao 162,000 kati ya 1788 na 1868.

Australia ilikuwa na kikwazo cha umbali. Safari ya matanga ilichukua miezi mitatu au zaidi, na nauli yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Amerika. Mwingereza Edward Gibbon Wakefield, mwandishi wa mambo ya makoloni, akapendekeza ujanja: ardhi ya koloni isigawiwe bure, iuzwe kwa bei ya kutosha, na mapato yake yawasafirishe vibarua. Bei hiyo ilikuwa na kazi ya pili ambayo haikutangazwa sana: kibarua asimudu kununua shamba mapema, ili tajiri asikose mtu wa kumlimia. Australia Kusini ilianzishwa mwaka 1836 kwa mpango huo. Kasoro zikaonekana upesi. Walanguzi walinunua viwanja wakakaa kusubiri bei ipande, mashamba hayakulimwa, na miaka michache baadaye serikali ya koloni ilikuwa imefilisika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Australia ililipa tena. Mtu mzima alichangia pauni 10 tu, watoto bure, kwa sharti la kukaa miaka miwili. Ukiondoka mapema unarudisha gharama. Zaidi ya Waingereza milioni moja waliitumia nafasi hiyo.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Ilitaka wenye mtaji, kwa hiyo chambo hakikuwa nauli bali ardhi yenyewe, iliyonyang'anywa wenyeji: sheria ya 1902 ilitoa hati za kukodi za miaka 99, na ile ya 1915 ikazifikisha miaka 999. Uhuru ulipokaribia, mashamba ya walowezi yalinunuliwa chini ya mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, sehemu kubwa kwa mikopo kutoka Uingereza. Mlowezi aliondoka na fedha zake, na mkulima wa Kenya aliyepewa kipande akaanza kulipa mkopo.