Buibui mla mbu wa malaria hafugwi chumbani

Mvua zikianza tu, ombi ni lile lile, Mombasa hadi Morogoro: "Nipatieni wale buibui wanaomaliza mbu wa malaria, niwaachie chumbani." Haya, tulimalize hili kwanza.

Dhana: ukimleta nyumbani, hutaumwa na mbu.

Buibui mrukaji huyu, Evarcha culicivora, alipewa jina la kisayansi mwaka 2003. Mawindo anayoyapenda zaidi ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, hasa anofelesi, yule anayeeneza malaria. Soma tena: aliyekwisha kunywa. Damu anayoifuata iko tumboni mwa mbu, na pengine ni yako. Faida ipo, ila ni ya baadaye: vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, kwa hiyo akiliwa mapema hafiki huko. Usiku wa leo kinga yako ni chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote.

Tena buibui huyu hajulikani kwingine ila maeneo ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Mbita, kando ya ziwa hilo upande wa Kenya, ndiko alikochunguzwa sana. Akipumzika hujificha kwenye nyasi na mimea karibu na ardhi, kisha hutoka kuwinda kwenye vigogo na kuta za nyumba. Harufu ya mimea ya lantana na mbarika humvutia, na hunyonya nekta. Sasa mtoe huko, mfungie ndani ya chumba kilichopulizwa dawa: dawa ile ile ya mbu itamuua naye. Na mijini mbu wengi wanaowakera ni kuleksi, aina nyingine ya mbu, wa mashimo ya vyoo na mitaro, ambao si chaguo lake la kwanza. Funika shimo la choo, zibua mtaro.

Dhana: yule wa ukutani kwangu Dar ndiye.

Siye. Wa kuta za pwani mara nyingi ni Menemerus bivittatus, bapa na wa kijivu, au Plexippus paykulli. Hao hufikia karibu milimita 10. Wa Ziwa Victoria ni wa milimita 5 hivi, mwenye uso mwekundu. Hao wa pwani nao hula wadudu. Waacheni, jamani, mnawapigia ndala bure.

Dhana: ananyonya damu ya watu.

Meno yake hayakuumbwa kunyonya damu kwenye ngozi. Ataipataje bila mbu?

Dhana: hutega utando, kwa hiyo fagio linammaliza.

Hategi. Hunyemelea kwa macho, kisha huruka.

Dhana: kwake mbu wote ni wamoja.

Anofelesi akitua huinua mkia juu, kuleksi hulala sambamba na ukuta. Buibui hawa huutumia mkao huo, na wachanga wao huzunguka nyuma, wakapita chini ya tumbo lililoinuliwa na kushambulia kutoka hapo. Nawe unaweza kutumia alama hiyo hiyo: mulika ukuta kwa tochi alfajiri, utazame mikia.